Fainali ya Luke na Luke: ukikosa muda, anzia seti ya saba

Nimefundisha hesabu miaka 31, na katika miaka hiyo yote sikumwona hata mtu mmoja akisimama juu ya meza kushangilia kutoa. Kutoa tu: 501 toa 140, baki 361. Huko Alexandra Palace, London, wanashangilia kwa maelfu, wengine wamevaa mavazi ya ndizi, na mgao wa bia uko mezani.

Ninachokitathmini hapa ni fainali ya ubingwa wa dunia wa vishale wa PDC (shirika la vishale vya kulipwa) iliyochezwa tarehe 3 Januari 2024. Niliitazama kwa rekodi, yote, usiku mbili mfululizo, nikiwa na mjukuu wangu ambaye ana miaka 16, umri uleule aliokuwa nao Luke Littler alipopanda jukwaani. Bila shaka mmeshajua alimshabikia nani. Mimi nilikaa upande wa Luke Humphries, kwanza kwa ubishi, baadaye kwa dhati.

Humphries alishinda 7-4. Siwaharibii kitu, kwa sababu huduma ya kulipia niliyoitumia (sitaitaja) ilikuwa imeshaniharibia: ilibandika picha ya bingwa na kombe lake kwenye jalada la video. Umelipa, umeketi, umezima taa, halafu unaambiwa mwisho kabla ya mwanzo. Kwa hilo naikata alama zote. Ila nilivyoendelea kutazama niligundua kwamba kujua matokeo hakukupunguza presha yangu hata kidogo, na hiyo ni sifa ya mechi yenyewe, si ya wao.

Kwa wasioufahamu mchezo: kila mmoja anaanza na 501, anatupa vishale vitatu kwa zamu, na anapunguza mpaka sifuri kamili. Ukanda mwembamba wa katikati unazidisha namba kwa tatu, ndiyo maana vishale vitatu kwenye 20 ya ukanda huo ni 180 na ukumbi unalipuka. Ukanda wa pembeni kabisa unazidisha kwa mbili, na huo ndio dabo. Kishale cha mwisho lazima kiingie kwenye dabo. Ukipitiliza sifuri, au ukibakiza 1, zamu yako inafutwa na unarudi ulikotoka. Safari moja ya kutoka 501 mpaka sifuri inaitwa legi; legi tatu zinakupa seti, na fainali hii ilikuwa ya kutangulia kufika seti saba.

Dabo ina upana wa takriban milimita 8, nawe umesimama mita 2.37 kutoka kwenye ubao. Nilimpa mjukuu wangu rula aitazame milimita 8. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Babu, hata mimi ningekosa." Kumbuka maneno hayo.

Littler aliingia mashindanoni bila kupangiwa daraja, akiwa bingwa wa dunia wa vijana, na akapita watu wazima kama mtu anayepita sokoni bila kununua kitu. Raymond van Barneveld, bingwa wa dunia mara tano, alilala 4-1. Kwenye nusu fainali Rob Cross, naye bingwa wa zamani, 6-2. Humphries alifika kwa njia ya mashaka zaidi. Mara mbili aliponea seti ya mwisho, 4-3 dhidi ya Ricardo Pietreczko na tena 4-3 dhidi ya Joe Cullen. Kisha ni kama mtu alimwamsha: 5-0 kwa Dave Chisnall, 6-0 kwa Scott Williams, na kwa kufika fainali tu akawa namba moja duniani. Kabla ya vishale kumlipa alikuwa fundi wa mapaa. Amewahi kueleza hadharani jinsi wasiwasi ulivyokuwa ukimkaba akiwa jukwaani, na mimi nikimtazama nilikuwa naangalia mabega yake kuliko mkono.

Seti sita za kwanza ni nzuri, siyo za kukosesha usingizi. Kuna 180 za kutosha, kuna kelele, kuna Littler anayetupa haraka kama anawahi daladala. Anarusha, anageuka, anarusha tena. Humphries anatulia, anapima. Usiku wa kwanza tuliuishia hapo, Littler akiwa mbele 4-2, na mjukuu wangu alikwenda kulala akitamba kana kwamba hakuiona ile picha ya jalada.

Sasa seti ya saba. Hapa ndipo pesa yako inapolipwa.

Littler alipata kishale cha kwenda 5-2. Alihitaji dabo ya 2, yaani alikuwa amebakiwa na 4. Watu wanaosimulia mechi hii husema tu kwamba kijana alikosa, na video fupi za mitandaoni huiruka kabisa sekunde ile kwa sababu haina kelele. Lakini ni sekunde ya kufundishia darasani. Watupaji wengi wanaipenda dabo ya 16, kwa sababu 32 ni namba inayosamehe: ukiangukia ndani kwenye 16 ya kawaida, unabaki na dabo ya 8, ukikosea vilevile unabaki na dabo ya 4, kisha ya 2, kisha ya 1. Ni ngazi. Kila kosa linakupa kidato kingine. Dabo ya 2 iko karibu na chini kabisa ya ngazi hiyo. Ukianguka ndani umebakiwa na dabo ya 1, na chini ya hapo hakuna kitu. Ukipotea kushoto au kulia kuna 15 na 17, zote zinazidi, zamu inafutwa. Aliyebakiwa na 4 anaonekana yuko mlangoni, kumbe mlango wenyewe ni finyu kuliko wa yule aliyebakiwa na 32.

Kishale kikakosa.

Sikuona uso wa Littler ukibadilika. Niliyemwona kubadilika ni Humphries, na si usoni. Alitembea kwenda kwenye mstari polepole kidogo kuliko dakika moja iliyopita, kama mtu aliyerudishiwa kitu alichokuwa ameshakihesabu kuwa kimepotea na sasa anakishika kwa mikono miwili. Akaimaliza legi, seti ikawa yake. 4-3. Kisha 4-4. Kisha 5-4, 6-4, 7-4. Seti tano mfululizo. Nimewahi kuona wanafunzi wakifeli mtihani kwa swali la kwanza waliloshindwa, si kwa ugumu wa yaliyobaki, lakini siwezi kusema hilo ndilo lililompata Littler, maana aliendelea kutupa vizuri. Ni mwenzake aliyeacha kukosea.

Takwimu zinaniunga mkono. Wastani wa Humphries kwa zamu ulikuwa 103.67, wa Littler 101.13. Chukua kalamu: 501 gawa kwa kila mmoja. Humphries anahitaji zamu 4.83 kumaliza, Littler 4.95. Tofauti ni kama sehemu ya nane ya zamu moja, haifiki hata nusu ya kishale. Mtu akikwambia Littler alizidiwa nguvu usiku ule, mpe kalamu hiyo.

Lawama yangu kubwa ni kwa watangazaji. Umri wa kijana walituambia, wakaturudia, wakatukumbusha, mpaka nikaanza kuhesabu (niliacha nilipofika 20). Kwenye seti ya tisa Humphries anamaliza legi kwa ustadi mkubwa, kamera inakwenda kwa Littler. Naelewa biashara. Nchini Uingereza watu milioni 3.7 walikuwa wakiitazama ilipofikia kilele, na hawakuja kumwona fundi wa mapaa. Hata hivyo aliyeshinda pauni 500,000 ni yeye, na kuna nyakati ilibidi nimtafute kwenye kona ya kioo.

Jengo lenyewe lingestahili sekunde chache pia. Hapo Alexandra Palace ndipo BBC ilipoanzisha matangazo yake ya kawaida ya televisheni mwaka 1936. Mimi ningelisema hilo badala ya kutaja umri wa mtoto kwa mara ya 21, lakini hakuna aliyeniajiri.

Kitu kingine cha kero ndogo: ile namba inayotokea kwenye kioo kukuonyesha njia ya kumalizia. Inakuja mapema mno. Ukibakiwa na 121 acha nijikune kichwa kidogo, utamu uko hapo. Niliikata kipande cha karatasi nikakibandika kwenye kona ile ya kioo, tukawa tunashindana mimi na mjukuu nani atapata njia kwanza. Alinishinda mara mbili. Mara moja alipendekeza namba ambayo haiishii kwenye dabo, nikamfutia zamu.

Basi: nyota nne kati ya tano kwa mechi, mbili kwa utangazaji, sifuri kwa waliobuni lile jalada. Ukiwa na usiku mmoja tu, peleka rekodi mbele mpaka mwanzo wa seti ya saba, punguza sauti, ziba kona ya kioo kwa karatasi.

Mjukuu wangu amesoma haya na anapinga. Anasema nawapotosha watu. Anayetaka kuona vishale aanze na nusu fainali ya Littler na Cross, kisha aruke mwaka mzima aende kwenye fainali ya 3 Januari 2025, ambapo Littler akiwa na miaka 17 alimfunga Michael van Gerwen 7-3 baada ya kutangulia 4-0. Nimemuuliza vipi kuhusu dabo ya 2. "Hiyo, babu, tulishakubaliana hata mimi ningekosa."