Banda la mbwa huko Lanet, Nakuru: nyota tatu kati ya tano

Banda hili linauza watoto wa German Shepherd, na jambo la kwanza linalolipa sifa ni kwamba mama mtu unaonyeshwa bila kusitasita. Wachuuzi wanaopanga watoto wa mbwa kwenye katoni kando ya barabara hawawezi kufanya hivyo. Sakafu ni ya simiti yenye mteremko, maji hayatuami, na chumba cha kuzalia kimewekwa ubao ukutani ili mama asiwalalie wanawe.

Kadi za chanjo ni safi. Angalia stika: hubanduliwa kwenye chupa ya chanjo, ina namba ya toleo na tarehe ya kuisha, na pembeni huwa na muhuri wa daktari wa mifugo. Kadi yenye tarehe za kalamu peke yake usiipokee.

Nyota zinaanguka kwenye umri. Watoto wanatolewa wakiwa na wiki 6, chanjo ikiwa moja tu. Wakati huo kinga ya maziwa ya mama inapungua, lakini bado inaweza kuizima chanjo; ndiyo sababu chanjo hurudiwa kila wiki 3 au 4 hadi wiki 16. Parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia matumbo ya mbwa, huingia katika pengo hilo. Mtoto anatapika, anahara damu, na kwa siku chache anaweza kufa. Virusi vyake hukaa udongoni mwaka mzima na zaidi, kwa hiyo boma lililopoteza mtoto kwa parvo lisilete mwingine upesi. Sakafu sugua kwa sabuni kwanza, kisha jiki, kipimo 1 kwa maji 30, iache dakika 10. Ukimwaga jiki juu ya kinyesi umeipoteza bure.

Lililo baya zaidi ni akina mama. Mmoja ana mbavu za kuhesabika na tayari ana mimba nyingine, kwani hupandishwa kila anapoingia joto. Mimba ni siku 63, kisha wiki kadhaa za kunyonyesha. Mwili wake utajijenga lini?

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti ustawi wa wanyama na leseni za mbwa. Wanaopinga masharti kwa wazalishaji husema mfugaji mdogo ataumia. Uingereza, mwenye leseni ya kuzalisha haruhusiwi kuuza mtoto wa chini ya wiki 8, wala mama kuzaa zaidi ya mara moja ndani ya miezi 12. Masharti hayo mawili hayadai jengo wala mashine. Banda hili lingeyatimiza kesho, na Kaunti ya Nakuru ina kila sababu ya kuyadai.

Ukinunua hapa, lipa arbuni na umwache mtoto kwa mamaye hadi wiki 8. Chanjo ya kichaa cha mbwa ipange mwenyewe akifika wiki 12, maana hawakukumbushi.