Betri asilimia 88, mara skrini nyeusi

Nimekaa siku kadhaa bila kuandika hii kitu kwa sababu nilijua nikiandika siku ileile ningetukana. Sasa nimetulia kidogo. Kidogo tu.

Mimi ni mpenzi wa kupamba desktopu (ule uso wa skrini ya kompyuta), na kwa muda mrefu nilikuwa natafuta muonekano wa kompyuta ya serikali ya kubuni, yaani ukiwasha tu unajiona afisa wa wizara ambayo haipo popote duniani, kuna nembo, kuna namba ya jalada, kuna ngazi ya usiri, mambo yamenyooka kiofisi. Nikapata paketi moja ya kulipia, aliyeitengeneza simtaji, na picha zake za mfano zilinimaliza kabisa. Mwewe kashika funguo mbili, maandishi rangi ya kaharabu kwenye weusi kama zile monita za zamani, halafu fonti ni OCR-A, ile iliyochorwa miaka ya 1960 ili mashine ziweze kusoma herufi, kwa hiyo hata neno dogo tu linaonekana kama limetoka kwenye fomu iliyopita mezani kwa maafisa watatu. Hapo nampa haki yake. Jamaa anajua kuchora.

Maelekezo yake yanasema ficha ule mstari wa chini wenye saa na alama ya betri, ondoa aikoni zote, zima arifa zisije kuharibu muonekano. Nikafanya yote. Kwa nini nisifanye, wakati juu kulia kuna paneli imeandikwa HALI YA MTAMBO, ina prosesa, ina memori, ina joto, ina betri, na namba za prosesa zinacheza zenyewe 47, 52, 49? Nikasema basi, ninavyohitaji vyote viko pale, ule mstari wa chini wa nini tena.

Halafu ikaja ile jioni. Naandika ripoti, nimeshafika kurasa sita, faili jipya kabisa, nimezama, sijasevu hata mara moja (kusevu ni wajibu wangu, hilo sibishani na mtu). Chaja iko kwenye begi. Natupa jicho kwenye paneli, BETRI 88%. Naendelea. Feni inavuma, laptopu inaniunguza mapaja, natazama tena, JOTO: KAWAIDA, BETRI 88%. Nikafurahi eti betri yangu siku hizi inakaa na chaji. Na betri yenyewe imechoka, ikifika chini haisubiri uhifadhi kitu, inakata palepale. Ikakata katikati ya sentensi.

Nikachomeka chaja, nikawasha, mwewe huyo na funguo zake, na pembeni BETRI 88%. Nikainamia skrini nikaanza kuhesabu kwa sauti. 47, 52, 49, 61. 47, 52, 49, 61. Jamani, ni video! Kipande kifupi cha video kinajirudia nyuma ya desktopu na paneli nzima imechorwa humo ndani, hakuna hata herufi moja inayosoma kompyuta yangu. Hata ile saa ya wizara, ambayo nilidhani ina hesabu yake ya kubuni, kumbe ikifika mwisho inarudi ilikoanzia.

Nikamwandikia, kwa adabu kabisa, nikamweleza yaliyonikuta. Jibu lake hili hapa lote: "Kaka hiyo ni wolpepa. Ulidhani ni nini?" Pole hakuna, samahani hakuna.

Nilidhani ni nini? Nilidhani ukiandika HALI unamaanisha hali! Unataka pambo, chora akiba ya nafaka ya hiyo wizara yako, chora majalada yanayosubiri saini, chora chochote cha huko kwenye serikali yako ya kubuni na nitakishangilia. Lakini betri ni yangu, ya kweli, iko mapajani kwangu, na wewe ndiye uliyeniambia nifiche ile alama iliyokuwa inasema ukweli. Hicho ndicho kinachoniuma, wala si kurasa sita peke yake.

Nilitaka nifute kila kitu nitoe nyota moja niende zangu. Ila yule mwewe, aisee, nilishindwa kumfuta. Nikatoa fremu moja kwenye ile video, nikazifuta namba za uongo, nikaiweka kama picha ya kawaida, halafu paneli nikaijenga mwenyewe na Rainmeter. Ni programu ya kuweka vipimo kwenye desktopu, ya bure, ya Windows (mwenye Linux aitafute Conky), na paneli yenyewe ni faili la maandishi tu, unaandika unataka kupima nini. Prosesa na memori zilikubali haraka. Betri ilinisumbua hadi usiku, kumbe nilikosea herufi moja kwenye PowerPlugin, kile kipande cha Rainmeter kinachosoma betri, niliporekebisha ikaniandikia 63, nikachungulia ile alama ya mfumo chini, 63. Nilipiga kofi peke yangu chumbani. Nimeiweka isome kila baada ya dakika moja, na ikishuka chini ya 20 mstari mzima unageuka mwekundu na kuandika NISHATI: IDHINI YAHITAJIKA HARAKA, na hapo kweli nainuka kufuata chaja.

Kwa hiyo nyota ngapi? Uchoraji ni nne, sibishi, na kila nikiwasha bado moyo unanidunda nikimwona mwewe. Labda tatu, maana kazi ya kuifanya iwe kitu cha kweli nimeifanya mimi. Nilikuwa nimeshaandika tatu hapa, halafu nikarudi kusoma lile jibu lake nipate kulinukuu vizuri. Moja. Na ripoti hadi sasa nimerudia kurasa mbili tu.