Tathmini ya ADHD hapa Nakuru: nililipia nini hasa

Nianze na bei, maana ndiyo kila mtu huniuliza kwanza. Tathmini nzima ya ADHD, yaani hali ya mtoto kushindwa kukaza akili na kutulia, katika kliniki binafsi hapa mjini, ilizidi karo ya kijana wangu ya muhula, na nililipa yote kwa M-Pesa kwa kuwa hawakupokea SHA, bima ya afya ya serikali. Ni ghali. Ningelipa tena, lakini si kwa kila kitu walichoniuzia.

Kijana yuko Gredi ya 3. Ukimtuma dukani alete unga, utampata baadaye sana amechuchumaa kwa fundi wa pikipiki, noti bado ameikunja mkononi, na habari ya unga hana. Sweta hazimalizi muhula. Shosho yake huita ujeuri, na jirani zetu wa Kaptembwo wana tiba moja tu wanayoijua, nayo ni mwiko wa ugali. Aliyenisukuma ni mwalimu wake wa darasa, Madam. Siku ya wazazi alinifungulia daftari la hesabu: maswali matatu ya kwanza yote sahihi, la nne limeandikwa nusu, kisha ukurasa mzima wa michoro ya matatu zenye spika. "Baba, huyu anajua," akaniambia. "Ila hakai."

Mwanasaikolojia aliyetupokea nampa alama zote. Kabla hajaandika lolote alitutuma tukapimwe masikio na macho. Akauliza kuhusu usingizi, kukoroma, upungufu wa damu, na kama kuna nyakati mtoto huzubaa ghafla kwa sekunde chache asisikie hata akiguswa, kwa sababu hiyo inaweza kuwa aina ya kifafa, wala si kutosikiliza. Nikamuuliza picha ya ubongo atapigwa lini. Akasema hakuna picha wala kipimo cha damu kinachothibitisha ADHD, na mtu akinitaka nilipie kimoja kwa ajili hiyo, nirudishe simu mfukoni.

Kinachotumika ni maswali, tena mengi. Tulipewa fomu za Vanderbilt: ya mzazi ina maswali 55, ya mwalimu 43, na kwenye dalili unachagua kati ya kamwe, mara chache, mara nyingi na mara nyingi sana. Kwa mtoto wanatafuta angalau dalili 6 kati ya 9 za kukosa umakini, au 6 kati ya 9 za kutotulia na kukurupuka, ziwe zimedumu miezi 6 au zaidi, zimeanza kabla ya miaka 12, na zinaonekana zaidi ya mahali pamoja. Hilo la mwisho ndilo lililonifungua macho. Mtoto akisumbua nyumbani tu na shuleni ametulia, huenda kuna jambo lingine kabisa. Kwa hiyo fomu ya Madam ilikuwa na uzito kama yangu, na yeye, pamoja na darasa lake lile lililofurika, aliijaza yote akaongeza maelezo kwa mkono nyuma ya karatasi.

Sasa malalamiko. Fomu zilikuwa za Kiingereza pekee. Kwetu anayeshinda na mtoto ni shosho, na shosho si mtu wa Kiingereza, kwa hiyo nilikaa naye sebuleni nikimtafsiria swali moja moja huku akinijibu kwa hadithi. "Huwa anasahau vitu?" namuuliza. "Wewe ulisahau mbuzi kule Njoro ukiwa wa umri huu." Nilipomsimulia mwanasaikolojia habari ya mbuzi, aliiandika. Hali hii hurithiwa sana katika familia, akasema, akanitazama muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Ripoti nayo ilichelewa, na kaunta wakadai malipo mengine ya nakala ya shule ambayo hakuna aliyenitajia mwanzoni. Ile ahadi ya kuzungumza na shule iliishia kwenye barua. Hakuna aliyefika wala kupiga simu.

Pesa yangu niliiona ikifanya kazi kwenye mafunzo ya wazazi, Jumamosi asubuhi. Nilitarajia mahubiri, wakatufanyisha mazoezi. Msogelee mtoto, mtazame, mpe agizo moja, arudie kwa mdomo wake, ndipo aende. Mimi nilikuwa natoa maagizo manne kwa pumzi moja kutoka jikoni: oga, vaa, kunywa chai, chukua begi. Pongezi nazo zitolewe papo hapo, si mwisho wa muhula. Nyumbani tunatumia vifuniko vya soda: kazi ikiisha, kifuniko kimoja kinaingia kwenye mkebe, na vikifika kumi anachagua chakula cha jioni. Tumekula chapati hadi basi. Shosho alisema hiyo ni hongo. Siku hizi ndiye mhesabu wa vifuniko, na haibiwi hata kimoja. Kwa watoto wa chini ya miaka 6, mafunzo ya namna hii ndiyo huanza kabla hata ya kufikiria dawa.

Wetu ameshapita umri huo, kwa hiyo dawa ilizungumzwa. Mwanasaikolojia haandiki dawa. Tulielekezwa kwa daktari wa akili wa watoto, akaanza na dozi ndogo ya methylphenidate, akipima uzito, mapigo ya moyo na presha kila tukirudi. Hamu ya chakula cha mchana imepungua kweli, kwa hiyo asubuhi anakula mayai na viazi vitamu kabla ya kuimeza. Ni dawa inayodhibitiwa, haiuzwi bila cheti, na chemisti kadhaa za mjini tulizouliza hazikuwa nayo. Ulizia mapema, usisubiri chupa iishe.

Jambo moja kliniki haikunieleza, nikalisikia kwa Madam: kuna vituo vya EARC, vituo vya tathmini vya Wizara ya Elimu, ambavyo vilianza mwaka 1984. Kazi yao si dawa, ni kuangalia mtoto anahitaji nini ili asome. Ripoti yao ndiyo iliyomfanya mwalimu mkuu asogee. Kijana sasa anakaa mbele, mbali na dirisha, anapewa maswali machache kwa wakati, na ndiye anayetumwa kufuta ubao ili apate kuinuka kwa ruhusa.

Kama bajeti ni ndogo, ningeanzia EARC, kisha nilipie mwanasaikolojia na mafunzo ya wazazi, mengine yasubiri. Beba madaftari ya mtoto, si ripoti ya alama tu, na uulize bei ya kila karatasi kabla hujakaa kitini. Mwanasaikolojia nampa nyota tano. Kaunta mbili, na ya pili ni kwa sababu walitupa chai.