Kibodi, Kioo na Imla: Uzoefu Wangu wa Kuiandikia Kompyuta kwa Kiswahili

Kazi yangu ni kutafsiri na kuchapa nyaraka: mikataba ya upangaji, mihtasari ya vikao, hati za viapo na barua za watu wasio na muda au mazoea ya kuandika. Ofisi yangu ni chumba kimoja mjini Tanga, na kwa zaidi ya miaka ishirini chombo changu kikuu kimekuwa kibodi. Mwaka jana kifundo cha mkono wa kulia kilianza kuuma, kwanza jioni tu, baadaye hata nikiinua kikombe cha chai, na daktari akanishauri nipunguze kuchapa. Ndipo nilipolazimika kujiuliza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: kati ya njia tulizo nazo za kuwasiliana na kompyuta, ipi inamfaa mtu anayeandika Kiswahili kutwa nzima, na atajuaje kwamba inamfaa? Nilijaribu njia tatu kwa muda wa miezi minne: kibodi ya kawaida, kioo cha simu, na uandishi kwa sauti, ambao mimi napenda kuuita imla, kwa sababu ndilo jina tulilolijua tangu shuleni, mwalimu akisoma na sisi tukiandika.

Ili nisijidanganye, nilichukua ukurasa mmoja wa mkataba wenye maneno yapatayo 350, nikauandika kwa kila njia huku saa ikihesabu. Kwa kibodi nilimaliza kwa dakika 9. Kwa kioo cha simu nilitumia dakika 21. Kwa imla nilimaliza kutamka kwa dakika 4, nikashangilia peke yangu kama mtoto, kisha nikatumia dakika 10 kusahihisha yaliyoandikwa.

Nianze na kibodi, ambayo naijua kuliko nyingine. Mpangilio wa herufi tunaoutumia ulitokana na kazi ya Christopher Latham Sholes huko Milwaukee, Marekani, na mashine yake ilianza kuuzwa na kampuni ya Remington mwaka 1874. Hakuna aliyekuwa akiifikiria lugha yetu. Kiswahili kinaitumia sana herufi a kuliko herufi nyingine yoyote, na herufi hiyo imewekwa chini ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kilicho dhaifu kuliko vyote. Jirani yake w, ambayo hatuwezi kusema wala kwenda bila yake, iko chini ya kidole cha pete cha mkono huohuo. Wakati huohuo q na x zimepewa nafasi zao kamili, nasi hatuna neno la kuzipa. Hata hivyo kibodi ina sifa moja ambayo niliithamini tu baada ya kuikosa: haina maoni. Nikibonyeza k inaandika k, na nikikosea, kosa ni langu na nalijua lilipo, mara nyingi vidole vinalihisi kabla macho hayajaliona. Kuhusu kipanya sitasema mengi. Douglas Engelbart alikionyesha hadharani San Francisco tarehe 9 Desemba 1968, na tangu hapo kimewasaidia mamilioni ya watu, lakini kwangu ndicho kilichokuwa chanzo kikubwa cha maumivu. Nilikihamishia mkono wa kushoto, nikajifunza kutumia mikato ya kibodi, yaani kubonyeza vitufe badala ya kubofya kwa kipanya, na baada ya wiki mbili nusu ya maumivu ilikuwa imekwisha.

Kioo cha simu sikipendekezi kwa kazi ndefu. Tatizo langu lilikuwa usahihishaji wa kujiendesha zaidi ya udogo wa vitufe, kwa kuwa programu iliyokuja na simu yangu ilidhani naandika Kiingereza kibovu. Neno "kama" liligeuzwa kuwa "karma", neno la dini ya Kihindu, mara nyingi hivi kwamba mteja mmoja aliniuliza kwa upole iwapo nimebadili dini. Nilipoweka lugha kuwa Kiswahili hali ilipoa, ila ubashiri wa maneno ulibaki dhaifu, na sababu yake inaeleweka: mzizi mmoja kama lip- unazaa analipa, hawatatulipa, aliyelipwa, tusipolipana na mengine mengi, na kamusi inayoorodhesha maneno mazimamazima haiwezi kuyamaliza. Ongeza hapo kwamba alama ya ritifaa, ambayo bila yake huwezi kuandika ng'ombe wala ng'ambo, imefichwa kwenye ukurasa wa pili wa vitufe. Kwa ujumbe mfupi kioo kinatosha.

Imla ndiyo iliyonichukua muda mrefu, kwa sababu ndiyo iliyonivutia na ndiyo iliyonitia hofu. Kwa barua za kawaida na rasimu za mwanzo haina mpinzani. Barua ya salamu na habari za nyumbani, ambayo mteja alikuwa akinisimulia, niliitamka nikaisahihisha, na kazi nzima ikachukua chini ya nusu ya muda wa kibodi, mkono ukiwa umepumzika mapajani. Lakini katika mkataba wa nyumba nilitamka thamani ya nyumba, nayo ikaandika samani za nyumba. Mimi ni mtu wa pwani, na sauti ya th naitoa kama nilivyofundishwa chuoni kwa mwalimu wa Kurani, kwa hiyo lawama siikubali. Nadhani mashine imesikia watu wengi wanaosema samani wakimaanisha thamani, ikajifunza kutoka kwao. Kijana anayenisaidia, ambaye ulimi wake haubagui sana l na r, alitamka muhtasari wa kikao na wajumbe wote wakaandikwa kwamba walipiga kula.

Makosa ya namna hiyo yanachekesha na yanaonekana. Lililonifanya nikae wima ni jingine. Nilitamka: Mpangaji hatalipa kodi ya mwezi wa kwanza. Katika kioo kukaandikwa: Mpangaji atalipa kodi ya mwezi wa kwanza. Sentensi ni safi, sarufi haina dosari, hakuna mstari mwekundu chini yake, na maana imepinduka kabisa. Kiswahili kimeiweka kanusho yake mwanzoni mwa neno, katika sauti nyepesi ya h ambayo feni ya darini, pikipiki inayopita au pumzi fupi inaweza kuimeza. Kama nisingekuwa na mazoea ya kusoma mara ya pili kwa sauti, mwenye nyumba na mpangaji wangekutana barazani kwa mtendaji wa mtaa.

Hapa ndipo nilipoanza kuvitilia shaka vipimo vyenyewe. Wanaopima mifumo ya kutambua sauti hupenda kuhesabu kiwango cha makosa ya maneno: maneno yaliyobadilishwa, yaliyoachwa na yaliyoongezwa, yakigawanywa kwa idadi ya maneno yaliyotamkwa. Sentensi yangu ina maneno 7, hivyo kosa la hatalipa ni moja ya saba, karibu asilimia 14. Kama mashine ingeacha neno wa, sentensi ikasomeka mwezi kwanza, kosa hilo nalo lingekuwa moja ya saba, ingawa kila msomaji angelijaza mwenyewe bila kusita. Kipimo cha herufi kinafanya vibaya zaidi: sentensi ina herufi 41 ukihesabu na nafasi, kupotea kwa h ni kosa la herufi 1, na kupotea kwa wa pamoja na nafasi yake ni makosa ya herufi 3. Yaani kwa hesabu hiyo kosa lisilo na madhara ni zito mara tatu kuliko lile linalogeuza kukataa kuwa ahadi.

Kasi nayo ina mzaha wake. Kwa desturi ya wapimaji, neno moja katika hesabu ya maneno kwa dakika ni herufi 5, nafasi zikiwemo, kwa hiyo hawatatulipa na nafasi yake ni maneno 2.6. Kwa kibodi mimi ni mwepesi kwa hesabu hiyo, nikifikia kama 50 kwa dakika. Lakini ukinipima kwa maneno halisi ya Kiswahili napungua hadi chini ya 40, wakati vidole ni vilevile na ukurasa ni uleule. Anayelinganisha Mswahili na Mwingereza kwa hesabu ya maneno na asiseme amehesabu vipi, hajalinganisha kitu.

Nilijaribu pia dodoso la kupima urahisi wa kutumia chombo, linalojulikana kwa kifupi SUS (System Usability Scale), ambalo John Brooke alilitunga mwaka 1986. Lina kauli kumi, unakubali au kukataa kwa daraja 1 hadi 5, kauli za kusifu zikipishana na za kulaumu, na hesabu ya mwisho huzidishwa kwa 2.5 ili alama zifikie 100. Nilizitafsiri kauli zake mwenyewe, nikajibu kwa uaminifu baada ya mwezi wa kwanza: kibodi ilipata 85, imla 77.5, kioo cha simu 52.5. Nilirudia mwezi wa nne, baada ya lile la mpangaji, na imla ikashuka hadi 60 ingawa mashine haikubadilika hata kidogo. Naliona dodoso hilo kuwa zuri kwa kupima jinsi mtu anavyojisikia na chombo chake, na halidai zaidi ya hapo, ila wanaolitumia mara nyingi hudai kwa niaba yake.

Nambari zinastahili kutajwa peke yake. Nikitamka kikao kilianza saa mbili asubuhi, imla huandika 2:00 asubuhi, saa ambayo hapa Tanga wako macho wavuvi na walinzi tu. Nikitamka elfu ishirini na tano, inabidi ichague kati ya 25,000 na 20,005, na haiulizi. Sisi wenyewe tunaujua utata huo, ndiyo maana wafanyabiashara wengi husema ishirini na tano elfu, lakini mashine inayokisia kimyakimya katika mambo ya fedha siiamini. Nailinganisha na menyu za kupiga nyota na reli katika huduma za pesa kwa simu, ambazo wataalamu wa kisasa huziona za kizamani: zina herufi 182 tu kwa ujumbe mmoja, hazina picha wala sauti, lakini ninayoitumia mimi hunionyesha kiasi na jina la mpokeaji, kisha inangoja niweke namba ya siri. Uvivu huo wa kungoja ndio ninaoutaka katika imla.

Mtu wa mwisho niliyemjaribia alikuwa mama mkubwa wangu aliyeko Pangani, ambaye kusoma kunampa tabu kwa sababu ya macho. Nilimwekea imla katika simu yake, nikamwambia, "Mama, wewe zungumza tu, itaandika yenyewe." Alizungumza Kimtang'ata chake cha kila siku, lahaja ya Kiswahili ya pwani ya huko, na maandishi yaliyotoka sikuyaelewa mimi wala yeye. Baada ya siku tatu aliniambia, "Mwanangu, hiki kidude hakinisikii, kinajisikia chenyewe." Sasa anatuma ujumbe wa sauti kama ulivyo, bila kugeuzwa maandishi, na ndugu zake wote wanamwelewa. Mimi kwa upande wangu nimeanza kuchangia sauti katika mradi wa Common Voice wa Mozilla, unaokusanya sauti za kufundishia mashine kutambua usemi, ambapo watu husoma sentensi na wengine wakazihakiki, na nimewaomba majirani wachache wafanye hivyo pia.

Kazini nimefikia mpango huu. Rasimu naitamka mlango ukiwa umefungwa na feni imezimwa, huku kinasa sauti kingine kikirekodi pembeni. Nyaraka za siri za wateja siziingizi katika imla kabisa, kwa kuwa programu ninayotumia hutuma sauti nje ya simu yangu ili itambuliwe. Tarehe, saa na fedha nazichapa kwa vidole. Kisha, kabla ya kuchapisha chochote kwenye karatasi, nasikiliza rekodi nikiwa na kalamu nyekundu, na kila ninaposikia ha-, hu- au si- mwanzoni mwa kitenzi natia alama na kulitafuta neno hilo kwenye maandishi. Katika mkataba wa wiki iliyopita alama zilikuwa 19, na moja kati yake haikuwa na mwenzake kwenye maandishi.