Matatu ya Malindi hadi Mombasa kwa Kipimo cha Michuki

Huduma ninayoitathmini hapa ni ya matatu za abiria 14 zinazotoka steji ya Malindi kwenda Mombasa kupitia Gede, Kilifi na Mtwapa. Jina la chama cha matatu hizo nimeliacha, kwa kuwa kasoro nitakazozitaja zinawahusu wengi katika njia hii. Kipimo nilichotumia alikitoa utingo mwenyewe kabla gari halijaondoka, aliposimama mlangoni na kusema, "Fungeni mikanda, jamani, msinitafutie Michuki." Hakutaja faini, askari wala mahakama; jina la marehemu waziri lilitosha kuyabeba yote matatu.

John Michuki alikuwa Waziri wa Uchukuzi wakati kanuni za usalama wa matatu, maarufu kama sheria za Michuki, zilipotangazwa mwaka 2003, na utekelezaji ukaanza Februari 2004. Ziliagiza kila matatu iwe na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, mkanda katika kila kiti, mstari wa manjano ubavuni, na sare kwa dereva na utingo. Wengi ambao magari yao hayakuwa tayari waliyaondoa barabarani, na abiria wakatembea kwa miguu kwenda kazini. Michuki alifariki mwaka 2012, lakini serikali ilipoanzisha msako mpya Novemba 2018, watu walisema sheria za Michuki zimerudi, ingawa mawaziri waliousimamia walikuwa Fred Matiang'i na James Macharia. Nairobi kuna bustani yenye jina lake kando ya mto. Huku kwetu pwani ukumbusho wake ni mkanda wa kiti.

Kwa kipimo hicho, gari letu lilianza vizuri sana. Mstari wa manjano ulikuwa haujafifia, utingo alivaa sare yake ya rangi ya damu ya mzee, na dereva alikwenda kwa mwendo wa wastani hadi Kilifi bila kushindana na mabasi. Tatizo lilikuwa mikanda. Miwili ya kiti cha nyuma haikufunga kabisa, na abiria waliokalia hapo waliambiwa waipitishe tu mapajani ili ionekane tukifika kwenye kizuizi cha polisi, jambo linaloonyesha wazi kwamba huduma hii imejifunza kuiogopa adhabu kuliko kuiogopa ajali yenyewe. Tulipolivuka daraja la Kilifi na kizuizi kubaki nyuma, utingo alimpakia kijana mmoja, abiria wa kumi na tano, akamketisha sambaza, juu ya ubao uliowekwa kati ya viti viwili. Hapo hakuna aliyemtaja Michuki tena, na abiria nao, nikiwemo, walinyamaza.

Usafi wa gari uliridhisha, na muziki haukupigwa kwa sauti ya kukera.

Nauli niliyotozwa ilikuwa shilingi 500, na chenji nilirudishiwa bila kudai. Nawashauri watakaosafiri wakate kiti cha nyuma ya dereva, waujaribu mkanda kabla ya kulipa, na wakipewa ule wa kulaza mapajani waombe kuhamishwa mapema, gari likiwa bado halijajaa. Mama mmoja aliyefanya hivyo alipewa kiti kingine bila ubishi.