Uchambuzi: Westlife Walivyorudi na Spectrum, na Kwa Nini Mashabiki Tuligawanyika

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Leo nina vitu viwili vya kundi moja. Cha kwanza ni Spectrum, albamu ya Westlife iliyotoka Novemba 15, 2019. Cha pili ni rekodi ya tamasha lao la Croke Park, Dublin, la Julai mwaka huohuo, ambayo iliingia sokoni mwaka 2020. Vyote vimetokana na kundi hilo kuungana tena, na vyote viliwagawa mashabiki hata watu waliosikiliza kanda pamoja tangu utotoni wakawa hawaelewani. Msimamo wangu nautoa sasa hivi ili mjue ninakoelekea: rekodi ya tamasha inunueni. Albamu, isikilizeni kwanza kabla hamjatoa hela.

Kwa yule ambaye hakuwapo enzi hizo, nipitie haraka. Westlife walianza Ireland mwaka 1998. Shane Filan, Mark Feehily na Kian Egan wanatoka Sligo. Nicky Byrne na Brian McFadden wa Dublin. Meneja wao alikuwa Louis Walsh. Singo zao saba za kwanza, yaani nyimbo zinazotolewa moja moja, zote zilishika namba moja kwenye chati ya Uingereza, na jumla wana singo 14 zilizofika hapo. Brian akaondoka mwaka 2004. Wanne waliobaki wakatangaza kuachana Oktoba 2011, wakaaga rasmi pale Croke Park Juni 2012. Ikapita miaka sita. Oktoba 2018 wakatangaza kwamba wanarudi, walewale wanne, bila Brian.

Sasa hapo ndipo maneno yalipoanza, na neno la kwanza lilikuwa pesa.

Mmelisikia hili: "Wamerudi kwa sababu mifuko imetoboka." Aliyelengwa zaidi alikuwa Shane, kwa sababu mwaka 2012, kipindi kilekile ambacho kundi lilikuwa linaaga, alitangazwa muflisi. Alikuwa ameingia kwenye biashara ya ardhi na nyumba, na soko la nyumba la Ireland lilipoporomoka baada ya mwaka 2008, madeni yakamfunika. Ni habari inayojulikana, na yeye mwenyewe ameizungumzia hadharani. Lakini mimi siioni kama hoja dhidi ya muziki. Mtu ambaye kazi yake ni kuimba, akirudi kazini apate riziki, ametenda kosa gani? Fundi akifungua tena karakana yake hatumuulizi kwa nini anataka hela. Tunaangalia kazi aliyoitoa. Na mimi leo nataka tuiangalie kazi, maana ndani yake kuna mambo mazito zaidi kuliko hilo la mifuko.

Tuingie kwenye albamu. Ina nyimbo 11. Wimbo uliotangulia kutoka, Januari 2019, ni Hello My Love, na majina mawili yanatakiwa kutajwa hapa. La kwanza ni Steve Mac. Huyu si mgeni: yeye na Wayne Hector ndio walioandika Swear It Again na Flying Without Wings, nyimbo zilizowapa Westlife namba moja mwaka 1999. Jina la pili ni Ed Sheeran, ambaye aliandika Hello My Love pamoja na Mac na kushiriki katika nyimbo nyingine kadhaa za albamu hii. Kwa hiyo ukiangalia karatasi ya albamu unaona mkono wa zamani na mkono mpya umekaa meza moja. Kwenye maandishi inapendeza. Masikioni je?

Naomba nikae hapa kidogo, maana ndipo ugomvi wote ulipo.

Wimbo wa Westlife wa zamani umejengwa juu ya pumzi. Shane anaanza ubeti taratibu, sauti nyepesi, karibu anaongea. Kiitikio kinaingia, sauti nne zinajipanga, noti zinashikiliwa kwa muda mrefu. Mark anachukua ubeti wa pili au lile daraja la kabla ya mwisho, na sauti yake ni kubwa, ina rangi ya soul, ule muziki wa hisia nzito wa Wamarekani weusi, inaweza kubeba wimbo mzima peke yake. Kisha wimbo unapandishwa juu, wale jamaa wanainuka kwenye viti vyao virefu, na ukumbi mzima unainuka nao. Watu waliwacheka sana kwa vile viti. Lakini ule mpango ulikuwa na akili ndani yake: ulimpa kila mwimbaji mahali pa kufanya kile anachokiweza, na ulimsogeza msikilizaji hatua kwa hatua hadi pale ambapo hawezi kukaa tena.

Ed Sheeran anaandika tofauti kabisa. Yeye anajaza maneno mengi kwenye mstari mmoja, maneno yanakimbia na mdundo, melodia inazunguka sehemu finyu. Inamfaa kwa sababu yeye ni mtu mmoja na gitaa, anasimulia. Ukiwapa wimbo wa namna hiyo waimbaji wanne waliozoea kushikilia noti, unakuwa umewavalisha suti iliyokatwa kwa vipimo vya mtu mwingine. Inapendeza kwa mbali. Ukisogea unaona mabega yanabana.

Sikilizeni Hello My Love kwa makini, na baada ya hapo Dynamite. Shane anajitahidi, na ni mwimbaji mzuri mno kuweza kuharibu. Lakini Mark yuko wapi? Yupo, anasikika, ila hapewi nafasi ya kupanua kifua. Una sauti kama ile ndani ya studio halafu unaifanya ifuatishe mdundo! Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote kwenye albamu hii. Mashabiki waliolalamika kwamba "hawa sio Westlife" walikuwa na haki, ingawa wengi walidhani tatizo ni mdundo wa kisasa. Mdundo hauna shida. Tatizo ni kwamba nyimbo zenyewe hazina mahali pa kuvuta pumzi.

Wale waliopenda nao niwape haki yao. Walisema: mlitaka nini, warudi na viti vilevile? Watu wazima wenye watoto waendelee kuimba kama wana miaka 20? Na wana hoja nzito. Kuna kundi lililowahi kujibu swali hilo vizuri kuliko wote, Take That, waliorudi mwaka 2006 na Beautiful World. Wale waliandika nyimbo zao wenyewe, wakaimba wakisikika kama watu walioachana, wakaumia, wakazeeka kidogo. Umri wao ukawa sehemu ya muziki. Na ndiyo maana kurudi kwao kulidumu: Novemba 2010, Robbie Williams akiwa amerejea kundini, albamu yao ya Progress iliuzwa Uingereza kwa kasi kubwa ajabu.

Spectrum inakaribia kufanya hivyo mara mbili tu. Better Man, wa kwanza, unampa mtu mzima nafasi ya kukiri kwamba angeweza kuwa mwema zaidi kwa aliyempenda, na hapo Shane anasikika kama mtu wa umri wake. Wa pili ni My Blood, unaozungumzia kile mtu anachomwachia mtoto wake. Mark alikuwa amepata binti mwezi Oktoba, wiki chache tu kabla ya albamu kutoka. Ukiujua huo muktadha unausikia wimbo kwa namna nyingine, lakini hata usipoujua, unasimama wenyewe. Hizi mbili ningewapa mtu yeyote bila wasiwasi. Katikati ya albamu kuna nyimbo ambazo sitazichambua moja moja: zimerekodiwa kwa ustadi, zinapita vizuri, na zinapoisha hazikuachi na kitu.

Kuhusu mauzo, kuna jambo lililowachanganya watu. Hello My Love haikufika namba moja Uingereza, iliishia namba 13, na wapo waliosema basi, wamekwisha. Miezi kumi baadaye albamu ikaingia namba moja Uingereza na Ireland. Inawezekanaje? Chati ya singo siku hizi inategemea sana kusikiliza mtandaoni, na huko wanaotawala ni vijana wanaorudia wimbo mmoja mara nyingi. Albamu ndiyo inayonunuliwa na shabiki wa kudumu, yule anayetaka kitu cha kushika mkononi. Kwa kundi la umri huu, angalieni albamu na tiketi. Singo haiwezi kuwaambia lolote kuhusu mapenzi ya watu wao.

Na tukishataja tiketi, tuje Croke Park.

Huu ni uwanja mkubwa wa michezo ya jadi ya Ireland, una nafasi ya watu zaidi ya 82,000. Westlife waliujaza siku mbili, Julai 5 na 6, 2019, pahali palepale walipoagia. Siku ile ya kwanza Shane alikuwa anatimiza miaka 40. Nasisitiza hapo: miaka 40, kwenye uwanja wa nyumbani, mbele ya watu waliomsikiliza tangu yeye na wao ni vijana. Kila kilichokosekana kwenye Spectrum kipo hapa. Nyimbo zinapumua. Mark anapewa nafasi, na anapoitumia unaelewa kwa nini kundi hili lilisimama miaka yote ile. Hata zile nyimbo mpya zinakuwa bora jukwaani, kwa sababu hadhira inaziimba polepole kuliko zilivyorekodiwa na waimbaji wanaifuata.

Kuna sehemu moja iliyozua mabishano: mkusanyiko wa nyimbo za Queen, lile kundi la rock la Uingereza, katikati ya onyesho. Wengine walifurahi. Mimi nasimama na waliokereka. Una singo 14 za namba moja na albamu nyingi nyuma yako, halafu unatumia dakika kadhaa kuimba za watu wengine? Zile dakika zingetosha nyimbo mbili za zamani ambazo mashabiki hawajazisikia jukwaani kwa muda mrefu. Uimbaji wenyewe ni mzuri, siwezi kukataa, ila nafasi ile ilikuwa na wenyewe.

Kuna sababu nyingine ya kuipa rekodi hii uzito leo kuliko siku ilipotoka. Februari 2024 Mark alitangaza kwamba anajitoa kwenye ziara kwa ajili ya afya yake. Mwaka 2020 alipata maambukizi makali yaliyosambaa mwilini, mwaka uliofuata akaugua nimonia, na amefanyiwa upasuaji zaidi ya mara moja. Kundi likaendelea jukwaani na watatu. Nawaheshimu kwa kuendelea, na nawaombea mashabiki waache kuwalinganisha kwa ukali, maana Shane amebeba mzigo wa watu wawili. Lakini ukweli wa kimuziki haubadiliki: ile mistari ilipangwa kwa ajili ya sauti ya Mark. Wale waliosema mwaka 2018 kwamba wangebaki tu na kumbukumbu, wasirudi, sijui leo wangesema nini wakisikia alichofanya Croke Park. Mimi nashukuru walirudi wakati alipokuwa na nguvu.

Basi, cha kununua. Kama unawapenda tangu zamani, chukua rekodi ya Croke Park, na kutoka Spectrum chagua Better Man na My Blood. Kama unapenda pop ya kisasa ya Ed Sheeran na hujawahi kuwafuatilia Westlife, wewe utaifurahia Spectrum nzima kuliko mimi, anza na Hello My Love. Kama unataka kuwasikia wakiendelea kutoka hapo, kuna Wild Dreams ya Novemba 2021.

Na tafadhali, rekodi ya tamasha msiisikilize kwa spika ya simu. Kian na Nicky wanaimba sauti za chini na za kati, na spika ndogo zinazimeza kabisa, unabaki unamsikia Shane na kelele za watu. Tumieni hedifoni zinazoziba masikio vizuri au spika yenye besi ya kutosha. Mkifika kwenye Flying Without Wings, mfuateni Kian kuanzia kiitikio cha kwanza mpaka mwisho.