Kamera ya Canon 250D kwenye hina na harusi za wanawake, nlivyoiona siku tatu

Tangu Canon waitangaze 250D mwezi wa nne mwaka 2019, kila nikikutana na wapiga picha wenzangu hapa Mombasa ni stori ya 4K tu, ile video yake ya ukali mkubwa. Ety imebanwa, ety fokasi yake nzito, ety heri wasingeiweka kabisa. Na wana haki, ukiwasha 4K picha inakatwa pembeni, chumba kidogo hukipati chote mpaka mgongo ugonge ukuta, alafu ile fokasi yao nzuri ya Dual Pixel haifanyi kazi ukiwa kwenye 4K. Hapo sina ubishi. Lakini mimi kazi yangu ni shughuli za wanawake, singo, hina, kupamba, na toka nianze hakuna mama wa bibi harusi aloniuliza 4K hata siku moja. Huniuliza mambo mawili, picha zitatoka lini na nani mwengine ataziona.

Nliipata kwa binti ya khalati yangu, kaja nayo kutoka Dubai, akaniachia Ijumaa mpaka Jumapili na nlikuwa na hina siku ya kwanza na harusi siku ya tatu. Kamera yangu mwenyewe ni 600D, ya mwaka 2011, mkanda wake ushachakaa mpaka rangi haijulikani. Kwa hivyo msome haya mkijua anayeandika katoka wapi, mtu aliyezoea kamera kubwa zaidi ya hii hatoshtuka kama nlivyoshtuka mimi.

Kwanza uzito. Bodi, yani kamera bila lenzi, na betri na kadi ndani ni gramu 449, yangu ni 570. Kwa maandishi ni kitu kidogo, ila ukiwa umesimama toka saa mbili usiku mpaka saa saba mkono ndio unaokupa habari. Mimi nlishika nyeusi, ipo nyeupe pia na ni nzuri mashaallah, lakini kwa kazi yetu ya kushikashika mikono yenye hina mbichi siishauri nyeupe kwa mtu yeyote.

Sasa nije kwa jambo lenyewe. Hina ilikuwa Mji wa Kale, nyumba ya ghorofa zile za ngazi nyembamba, chumba kimoja, wanawake hapana pa kutia mguu, bibi harusi kaketi kwenye godoro na mikono kaiweka juu ya mito na mpaka hina, yule anayempaka, kainama juu yake na koni yake. Ukipiga kwa mbele unapata kichwa cha mpaka hina, ukizunguka unamkanyaga bibi wa watu. Njia ni moja tu, kuinua kamera juu ya vichwa na kuelekeza skrini chini uione. 600D nayo skrini yake yafunguka hivyo hivyo, si kitu kipya, ila ukiitaka ifokasi kwa njia hiyo lenzi yenda yarudi, yenda yarudi, na koni ishahama kidole cha pili. Hii nimeinua mikono, nikagusa kwa kidole gumba pale kwenye skrini, kwenye ua lililokuwa linamaliziwa chini ya kidole cha shahada, ikashika hapo hapo na picha ikapiga. Nikavuta kuangalia, uzi wa hina unaonekana ulivyoinuka juu ya ngozi bado una maji, na ile ncha ya koni haijatoka. Wallahi nlinyamaza. Miaka yote hiyo picha kama ile nimekuwa nikiipata kwa bahati, siku ile nimepata kama kumi nikitaka.

Hiyo ni Dual Pixel, yani kila pikseli ya sensa, kile kipande cha ndani kinachoshika picha, imegawanywa mara mbili na kamera inalinganisha hizo nusu mbili kujua fokasi iende mbele au nyuma, haibahatishi. Inatambua na jicho pia ukiwa unatumia skrini. Kwa picha za mtu mmoja mmoja, bibi harusi na somo wake, bibi harusi na nyanyake, nliiacha itafute jicho yenyewe na nikashughulika na kuwapanga watu na kuwanyoosha leso.

Ukichungulia kwa tundu mambo ni mengine. Huko kuna vituo vya fokasi 9, na cha katikati peke yake ndio cha msalaba, yani kinachosoma mistari ya wima na ya kulala. Tisa! Idadi ile ile iliyokuwa kwenye 400D ya 2006. Wapenzi wa kamera wameipigia kelele hii na mimi nawaunga mkono, manake kuna dada zetu wengi hawataki skrini, jicho lao liko kwenye tundu na watalipa pesa mpya kwa kitu walicho nacho tayari. Kama wewe ni wa tundu tu, usiinunue hii kwa sababu ya sifa nlizotoa hapo juu, hazikuhusu.

Alafu flashi, na hapa tafadhali someni polepole. Pale juu pa kuvisha flashi Canon wameondoa ile pini ya katikati. Ndiyo hiyo pini inayoziambia flashi na triga (vile vijidude vya kuiamrisha flashi iliyo mbali) za bei nafuu "piga sasa", hizi zetu zenye mguso mmoja tu. Bila hiyo, triga yako ya mguso mmoja utaivisha, taa itawaka, na haitapiga kitu. 600D yangu inayo hiyo pini. Mimi hili ndilo lililoniuma kuliko 4K yote, kwa sababu anayenunua kamera ya kuanzia ndiye huyo huyo mwenye flashi ya bei nafuu, mwenye hela za flashi ya Canon yenyewe angenunua bodi kubwa. Rafiki yangu mmoja aliambiwa na muuzaji wa duka fulani hapa mjini kwamba flashi yoyote itakubali, alipoirudisha na malalamiko akaambiwa triga yake ndio mbovu na akauziwa triga nyingine ya aina ile ile. Siwezi kusahau uso wake. Kabla hujatoa pesa vua kile kifuniko cha juu uangalie kwa macho yako katikati pana kijichuma au hapana.

Njia ya kujiokoa ipo. Flashi ndogo ya kwenye kamera inafunguka na inapiga, kwa hivyo kama una flashi ya YN560 iweke kwenye modi ya S2, izungushe uso wake mdogo mwekundu uelekee kamera, itapiga ikiona mwanga wa hiyo ndogo. Ukumbini siku ya Jumapili nlifanya hivyo na flashi mbili, ilikubali, lakini mgeni akisimama katikati flashi ya nyuma haioni na wanawake ukumbini hawakai kitako.

Betri: picha 1070 kwa kipimo cha kuchungulia kwa tundu, wakati 200D ya 2017 iliyoitangulia hii, yenye betri hiyo hiyo ya LP-E17 ilikuwa 650. Kwa skrini utapata chache zaidi, mimi siku ya hina nlimaliza na betri moja. Betri za 600D haziingii, lenzi zangu zote zimeingia.

Wengine wanauliza mbona nisichukue Nikon D3500. Ni kamera nzuri, picha 1550 kwa betri, gramu 415, vituo 11. Ila skrini yake haigeuki wala haiguswi na haina tundu la maiki, na kwangu mimi skrini ndio kazi. Kama unapiga nje, Fort Jesus au ufuoni Pirates, na unataka kamera nyepesi ya kuchungulia tu, chukua hiyo kwa roho safi. Canon 2000D nayo ni ya bei ya chini zaidi lakini ina vituo 9 vile vile, skrini haigeuki, na inapiga picha 3 kwa sekunde wakati hii inapiga 5.

Bei waloitangaza Marekani mwaka 2019 ilikuwa dola 599 kwa bodi tupu, kwa pesa zetu wakati ule kama Sh60,000, na hapo hujahesabu ushuru na faida ya duka. Kama una lenzi, nunua bodi tupu, uongeze lenzi ya 50mm f/1.8 kwa vyumba vya giza.

Na ukitoka ukumbini kwenye AC kuingia joto la nje usiitoe kwenye mkoba papo hapo, lenzi inashika mvuke mpaka inakuwa kama kioo cha bafuni.

Binti ya khalati kashachukua kamera yake. Mimi nshaanza kuweka za bodi kidogo kidogo, na 600D siiuzi, itabaki kwenye stendi kule mbele ya jukwaa na triga yake juu, mkononi nishike hii.